Wakili aliyelemewa na amana ya mteja wake

Mtu haendi kwa wakili siku ya furaha yake. Huenda wakati ndugu wamegombania nyumba ya marehemu baba yao, au mume na mke wamefikishana kwenye talaka na watoto wanavutwa huku na huku, au kijana wa nyumbani amekamatwa na dhamana haijapatikana. Huenda na hati zake katika bahasha ya kaki, akamweleza yule mgeni mambo ambayo hajapata kumweleza hata ndugu yake wa tumbo moja, kisha hurudi nyumbani akiwa na tumaini kwamba mzigo sasa umehamia kwa mwingine. Ni kweli umehamia. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: yule aliyeupokea, anaye wa kumtua?

Kazi ya uwakili ina uzito wa namna yake. Daktari hupambana na maradhi, na maradhi hayana wakili wa upande wa pili. Wakili kila anapoandika au kusimama, yuko mwenzake aliyelipwa kumpinga na kumtafutia kosa. Tarehe za mahakama hazingoji. Na yale anayoyasikia, ya mtoto aliyenajisiwa au ya mke aliyepigwa hadi kuvunjika, amefungwa na wajibu wa siri asiyatoe nje. Hata mkewe au mumewe haruhusiwi kumsimulia. Hivyo huyalaza kifuani, na kesho huja mengine juu yake.

Haya hayakubaki kuwa dhana. Mwaka 2016 nchini Marekani ulichapishwa utafiti uliofanywa na taasisi ya Hazelden Betty Ford kwa kushirikiana na Chama cha Mawakili cha nchi hiyo, ukihusisha mawakili wapatao 13,000 walio kazini. Asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 19 dalili za wasiwasi uliopindukia. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na unywaji wa pombe wa kiwango cha hatari, na walioathirika zaidi walikuwa wale walio katika miaka 10 ya mwanzo ya kazi. Mwaka 2021 Chama cha Kimataifa cha Mawakili nacho kilitoa matokeo yake baada ya kuwauliza wanasheria zaidi ya 3,000 wa nchi mbalimbali. Takriban wanne katika kila kumi walisema hawawezi kumweleza mwajiri habari za afya yao ya akili bila kuhofia kuharibu mustakabali wao kazini.

Mteja ndiye anayelipa

Huenda msomaji akasema: hayo ni yao mawakili, mimi yananihusu nini? Yanamhusu sana. Sonona haimjii mtu kwa kelele. Humnyang'anya umakini kidogo kidogo. Uamuzi mdogo humwia mzito, na jambo analoliogopa hulisogeza mbele. Jalada la mirathi linalohitaji hati ya kiapo hubaki mezani wiki nzima halijafunguliwa. Simu ya mteja inaita, naye anaitazama hadi inyamaze. Kila siku inayopita huongeza aibu, na aibu huzidi kumfanya alikwepe jalada lile lile.

Sasa tuangalie sheria inavyokwenda. Nchini Tanzania, asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu na anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani anatakiwa kuwasilisha notisi ya rufani ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita, ni lazima aombe kuongezewa muda na aeleze sababu ya kutosha. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili, peke yake, si sababu ya kutosha. Maana yake ni kwamba mjane aliyelipa ada yake kamili, na ambaye hakukosa kitu, anaweza kupoteza nyumba kwa sababu wakili wake alikuwa amelemewa na hakumwambia mtu. Ndiyo maana afya ya akili ya wakili haiwezi kuitwa siri yake binafsi tu. Imeshikamana na wajibu wake wa kuwa na uwezo wa kazi, kuifanya kwa bidii na kumpa mteja habari za shauri lake.

Kanuni za mfano za maadili za mawakili wa Marekani zimelisema jambo hili waziwazi. Wakili ambaye hali yake ya mwili au ya akili inadhoofisha kwa kiasi kikubwa uwezo wake wa kumwakilisha mteja, anatakiwa asilipokee shauri. Na kama amekwisha kulipokea, ajitoe. Mwaka 2003 Chama cha Mawakili cha huko kilitoa pia mwongozo kwamba wakuu wa ofisi wanaojua kuwa mwenzao ameathirika, hawana ruhusa ya kufumba macho. Ni juu yao kuchukua hatua za kuwakinga wateja wake. Na ili watu wasiogope kujitokeza, ziko huduma za kuwasaidia mawakili ambazo siri zake zinalindwa.

Maradhi na udanganyifu

Hapa pana mpaka ambao lazima uchorwe kwa uangalifu. Kuugua si kosa la maadili. Wakili mwenye sonona anayetibiwa, anayepunguza majalada na kumwomba mwenzake amshikie shauri, hakuvunja kanuni yoyote. Ametimiza wajibu wake. Kosa huingia pale maradhi yanapofunikwa kwa uongo.

Novemba 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitoa uamuzi ambao mawakili wengi huurejea. Mashauri matatu yalisikilizwa kwa pamoja, kila moja likimhusu wakili aliyefanya udanganyifu kazini. Mmoja wao alikuwa kijana aliyechelewesha shauri la mteja. Badala ya kukiri, alitunga barua na kuzipa tarehe za nyuma ili ionekane kazi ilikuwa ikiendelea. Baraza la nidhamu lilizingatia shinikizo la ofisi na afya ya akili, likawapa adhabu nafuu na kuwaacha waendelee na kazi. Mahakama Kuu ilikataa. Ilisema kwamba maradhi ya akili na shinikizo la kazi, pekee, havitoshi kumnusuru wakili aliyethibitika kuwa mdanganyifu, kwa kuwa imani ya umma kwa taaluma nzima imo hatarini. Majina yao watatu yakaondolewa katika orodha ya mawakili.

Wako walioona hukumu ile ni kali mno, na hoja yao haiwezi kupuuzwa: kijana hufukuzwa, na ofisi iliyomkamua inabaki na milango wazi. Lakini ukimweka mteja mbele ya macho, utaona kwa nini majaji hawakulegeza. Barua ya uongo haikumtibu aliyeiandika. Ilimnyima mteja fursa ya kujua mapema kwamba mambo yake yamekwama, na ilimnyima kijana mwenyewe fursa ya kusaidiwa kabla hajaharibikiwa.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuwa wageni wa fikra hii. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Abu Bakra alimwandikia mwanawe, aliyekuwa kadhi huko Sijistan, kumkumbusha katazo la Mtume (s.a.w.) kwamba kadhi asihukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Mafakihi hawakuishia kwenye hasira. Waliitazama sababu, nayo ni kushughulishwa kwa akili, wakaingiza humo njaa kali, kiu, usingizi na huzuni nzito. Kadhi mwenye hali hiyo hakuitwa fasiki. Aliambiwa aiondoe kwanza hali ile, kisha arudi kitini. Wakili hahukumu, lakini haki ya mtu hupita mkononi mwake kabla haijafika kwa hakimu, na sababu ni ile ile.

Nini kifanyike

Kwa wenye ofisi za uwakili, jambo la kwanza ni kuhesabu majalada ya kila mmoja na kuacha kusifia kukosa usingizi kana kwamba ni ushujaa. Kila shauri liwe na mtu wa pili anayelijua, na tarehe za ukomo ziandikwe mahali panapoonwa na zaidi ya mtu mmoja. Hilo halihitaji fedha nyingi, na huwalinda mteja na wakili kwa pamoja.

Kwa familia ya wakili: ninyi ndio mnaoziona dalili za mwanzo. Mtu aliyekuwa akilala sasa hukesha. Aliyekuwa mpole amekuwa mkali kwa watoto. Majalada huletwa nyumbani kila jioni na kurudishwa asubuhi bila kufunguliwa. Msimdai siri za wateja wake, maana hizo si zake kuzitoa. Muulizeni habari zake mwenyewe, na mumsindikize kwa daktari. Mitaani jina la Mirembe ya Dodoma, kama lile la Mathari ya Nairobi, limegeuzwa mzaha, na mzaha huo umewazuia wengi kutafuta tiba mapema. Dua haigombani na dawa.

Na kwa mteja: heshimu wakili wako, lakini usiache amana yako gizani. Omba nakala ya kila hati iliyopokelewa mahakamani ikiwa na mhuri. Andika tarehe za shauri lako katika daftari lako mwenyewe. Wakili akinyamaza kwa muda mrefu, mwandikie barua, na nenda masjala ya mahakama ukaulize jalada limefikia wapi. Ukiona mambo hayaendi, unayo haki ya kudai hati zako na kumweka wakili mwingine. Pakiwa na utovu wa maadili, Kamati ya Mawakili nchini Tanzania, au Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili nchini Kenya, hupokea malalamiko ya wananchi.

Wakili anayehisi ameelemewa naye ana sentensi moja ngumu ya kuitamka, nayo ni kumwambia mteja au mwenzake: shauri hili kwa sasa siliwezi, lichukue kabla muda haujapita. Ikisemwa siku ya kumi, rufani bado iko hai. Ikisemwa siku ya arobaini, kilichobaki ni kuomba radhi kwa mtu ambaye nyumba yake imekwisha kwenda.