Nchi Jirani: Kidonge Chenye Jina Lisilo Lake

Mwezi Desemba 2014 habari za kutia hofu zilitoka Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu inayopakana na Uganda. Watu walikuwa wakifikishwa katika vituo vya afya shingo zimepinda, mataya yamekaza, ulimi umetoka nje na macho yamegeukia juu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Kwa kuwa shingo iliyokakamaa ni dalili ijulikanayo ya homa ya uti wa mgongo, taarifa ya kwanza iliyolifikia Shirika la Afya Duniani ilisema kwamba huenda ugonjwa huo ndio uliozuka.

Haikuwa hivyo. Hadi kufikia Agosti 2015 wagonjwa 1,029 walikuwa wametibiwa. Mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano, na karibu mmoja kati ya kila mia alipoteza maisha. Kilichowadhuru watu hao ni kidonge. Kidonge hicho kiliuzwa na kugawiwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza degedege na wasiwasi, kumbe ndani yake mlikuwa na dawa nyingine kabisa, iitwayo haloperidoli.

Katika mazungumzo yetu ya leo tungependa kueleza jinsi ukweli huo ulivyopatikana, maana njia iliyotumika inawahusu moja kwa moja askari wetu walioko mipakani, bandarini na vituoni.

Kwanza tuzitazame dawa zenyewe. Haloperidoli si sumu kwa asili yake. Ilitengenezwa nchini Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Dakta Paul Janssen, na hadi leo inawasaidia wagonjwa wa akili, mradi itolewe kwa kipimo na kwa uangalizi wa daktari. Ubongo wa binadamu hutumia kemikali iitwayo dopamini kupeleka ujumbe kutoka chembe moja hadi nyingine, na baadhi ya ujumbe huo ndio unaoongoza mwendo wa misuli. Haloperidoli huziba mahali ambapo dopamini hupokelewa. Mahali hapo pakizibwa kupita kiasi, misuli ya uso, ulimi na shingo hukaza yenyewe bila hiari ya mtu. Watoto na vijana hupatwa na hali hiyo upesi kuliko watu wazima. Diazepamu hufanya kazi kwa njia nyingine: huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, na misuli hulegea.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya kidonge cha Ituri. Mtumishi wa afya anayemwona mgonjwa aliyekakamaa misuli huenda akafikiria kumpa diazepamu ili imtulize. Kama kopo alilonalo ni lile lile lenye jina la uongo, basi kila kidonge anachotoa kwa nia njema kinamzidishia mgonjwa madhara.

Sasa, mtu atajuaje kilichomo ndani ya kidonge? Kwa macho hawezi. Rangi na umbo huigwa, na lebo huchapishwa na yeyote mwenye mtambo wa kuchapia. Kwa hiyo sampuli za vidonge pamoja na mkojo wa wagonjwa zilipelekwa maabara.

Kazi ya maabara ilikuwa na hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kutenganisha. Mkemia husaga kidonge, akakiyeyusha, kisha akausukuma mchanganyiko huo kwa pampu yenye nguvu upite katika mrija mwembamba uliojazwa unga laini sana. Kila kemikali hushikamana na unga huo kwa kiasi chake. Ni kama watu wapitao sokoni: asiye na jamaa hupita moja kwa moja, na mwenye jamaa wengi husimama kila mahali kusalimiana, akachelewa kutoka. Kemikali mbili zilizoingia pamoja hutoka kwa nyakati mbalimbali, na wakati wa kutoka huandikwa na mashine.

Hatua ya pili ni kupima uzito. Kila kinachotoka katika mrija hutiwa chaji ya umeme, kikapimwa uzito wa molekuli yake. Diazepamu ikipimwa hivyo huonyesha namba 285. Haloperidoli huonyesha 376. Lakini mkemia mwangalifu haridhiki na uzito peke yake, kwa sababu kemikali mbili tofauti zaweza kuwa na uzito unaokaribiana. Kwa hiyo mashine huivunja molekuli na kuvipima vipande vyake. Haloperidoli huvunjika na kutoa, miongoni mwa vingine, vipande vya namba 165 na 123. Wakati wa kutoka, uzito kamili na vipande vyake vikilingana na vya haloperidoli halisi iliyopimwa kando yake kwa mashine ile ile, hakuna tena nafasi ya ubishi. Ndugu zetu wa polisi wataielewa hoja hii bila shida, kwani mhalifu anaweza kubadili jina na nguo, ila alama za vidole vyake zitabaki zile zile.

Kwa njia hiyo haloperidoli ilionekana katika vidonge vilivyoitwa diazepamu, na ikaonekana pia katika mkojo wa watu waliokuwa wakiugua. Ushahidi wa kidonge peke yake ungethibitisha udanganyifu tu. Ulipounganishwa na ushahidi wa mkojo, ulithibitisha kwamba udanganyifu huo ndio uliowaumiza watu. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zote. Lakini tusisahau kwamba tangu taarifa ya kwanza ya Desemba ilikuwa imepita miezi saba, na katika miezi hiyo vidonge viliendelea kumezwa.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili si la Kongo peke yake. Wakati ule vijana wetu wa Jeshi la Wananchi walikuwa mashariki ya nchi hiyo, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa mwaka 2013. Askari aliye mbali na zahanati ya kikosi chake, akaumwa kichwa au homa, huona ni rahisi kununua vidonge vya kuhesabiwa katika duka la njiani. Hana njia ya kujua kopo lilitoka wapi. Na bidhaa zinazovuka mpaka wa Kongo na Uganda hazishindwi kuvuka mpaka mwingine.

Nchi zetu hazikulala. Mwaka 2008 polisi wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Interpol na mamlaka za dawa, waliendesha msako ulioitwa Mamba, na nchi jirani nyingine zilijiunga katika misako iliyofuata. Mamlaka yetu ya Dawa na Vifaa Tiba ina maabara inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wakaguzi wamekuwa pia na maabara ndogo za kubebwa katika sanduku, ambazo huweza kuonyesha pale pale kituoni kama dawa inayotajwa imo au haimo. Kidonge husagwa, tone lake likawekwa kwenye bamba jembamba, na doa linalopanda hulinganishwa na doa la dawa halisi. Kipimo hicho hakitoshi kumtia mtu hatiani, lakini chatosha kuzuia mzigo usipite mpaka maabara kubwa iseme neno la mwisho.

Hata hivyo mashine haiwezi kurekebisha kosa lililofanyika kabla sampuli haijafika maabara. Kopo likifunguliwa na kuachwa juani, joto na unyevu huiharibu dawa, na mkemia hataweza kusema kama iliharibikia kiwandani au kituoni. Vidonge vya makopo mawili vikichanganywa katika mfuko mmoja, havina maana tena. Kopo likipita mikononi mwa watu watano bila maandishi, wakili wa mshitakiwa atauliza ni nani alikishika kielelezo, na kesi itaanguka hata kama mkemia amesema kweli tupu.

Kwa hiyo wajibu wa askari ni huu. Dawa inayotiliwa shaka ikamatwe pamoja na kopo, boksi na karatasi zake, maana namba ya toleo iliyoandikwa hapo ndiyo itakayowezesha kuyatafuta makopo mengine. Itiwe lakiri mbele ya shahidi, iwekwe mahali pakavu pasipo joto, na kila anayeipokea aandike jina, tarehe na saa. Taarifa ipelekwe kwa mkaguzi wa dawa siku hiyo hiyo. Na askari mwenyewe anapougua, achukue dawa katika zahanati ya kikosi au katika duka lililosajiliwa. Akiona watu kadhaa wamepatwa na dalili za namna moja baada ya kumeza dawa ya namna moja, asingoje kuulizwa.

Wazazi wa Ituri waliwapa watoto wao dawa waliyoiamini, kwa sababu jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la dawa njema. Hawakuwa na maabara, wala hawakuwa na namna ya kulisimamisha gari lililoileta. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wengine. Kwa upande wa mipaka yetu, kazi hiyo ni yetu.