Ughali wa Maisha Singapore na Duka la Wafanyakazi

Singapore ni kisiwa chenye eneo linalozidi kidogo kilometa za mraba 700, nacho kina wakazi wapatao milioni sita. Hakina mashamba ya kutosha wala madini, na zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake hutoka nje. Hata hivyo ni miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani. Ni miongoni mwa zilizo ghali pia: mwaka 2023 orodha moja mashuhuri ya gharama za miji iliiweka kileleni, sawa na Zurich ya Uswisi.

Yafaa ieleweke kwamba orodha za namna hiyo zilibuniwa hasa kuyasaidia makampuni kukadiria posho za watumishi wanaopelekwa ng'ambo. Huhesabu mahitaji ya mgeni mwenye cheo. Mfanyakazi wa kawaida ana hesabu nyingine, nayo ndiyo inayovihusu vyama vya ushirika.

Chukueni gari. Tangu mwaka 1990, anayetaka kusajili gari Singapore hana budi kwanza kupata, kwa mnada, hati ya ruhusa idumuyo miaka kumi. Mwaka 2023 bei ya hati hiyo ilipita dola 100,000 za Singapore hata kwa magari madogo, na hiyo ni karatasi tu, gari lenyewe halijanunuliwa. Lakini watu wengi hupanda basi na treni, kwa hiyo ughali huo hauwagusi. Nyumba nazo ni vivyo hivyo. Shirika la Serikali la Nyumba lililoundwa mwaka 1960 limejenga maghorofa wanamokaa karibu wananchi wanane katika kila kumi, na wengi wao wamezinunua nyumba hizo kwa mkataba wa miaka 99, wakitumia akiba zao katika mfuko wa lazima unaochangiwa na mwajiri na mfanyakazi.

Linabaki kapu la sokoni, na hapo ndipo ushirika ulipoingia.

Mwaka 1973 bei zilipaa ghafla. Mchele ulikuwa haba duniani, kisha mafuta yakapanda, na mwaka 1974 mfumuko wa bei Singapore ulizidi asilimia 20. Wananchi waliwanung'unikia walanguzi na wenye maduka waliodhaniwa kuficha bidhaa. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, NTUC, lilikuwa limekwisha kuamua katika mkutano wake wa mwaka 1969 kwamba kazi yake haitakuwa kudai mishahara peke yake, kwani nyongeza ya mshahara inayomezwa na bei si nyongeza. Mwaka 1970 lilianzisha ushirika wa bima na ushirika wa teksi. Julai 1973 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alifungua duka la kwanza la ushirika wa walaji, lililoitwa Welcome, katika mtaa wa Toa Payoh. Mwaka 1983 Welcome iliungana na ushirika mwingine wa wafanyakazi, nao ukawa FairPrice, ambao leo ndio wenye maduka makubwa mengi kuliko mfanyabiashara mwingine yeyote kisiwani.

Namna duka hilo linavyozuia bei hufahamika vibaya mara nyingi. Haliuzi kwa hasara, na si kila kitu humo ni rahisi. Hununua kwa wingi mno, basi wauzaji wa jumla hulazimika kulipatia bei nafuu. Huuza mchele, mafuta na mahitaji mengine ya lazima kwa alama yake lenyewe, chini ya bei ya bidhaa zenye majina makubwa. Na kwa kuwa ni kubwa, mfanyabiashara wa jirani akipandisha bei ya mchele hukimbiwa na wateja. Kwa hiyo hata asiyekuwa mwanachama hufaidika. Mwanachama hupata zaidi: gawio la hisa zake, na marejesho kwa kadiri alivyonunua. Duka dogo lisilo na mtaji haliwezi kuyaiga hayo kwa kutangaza bei ya chini peke yake; litauza siku chache, kisha rafu zitabaki tupu.

Uwezo huo una mpaka. Juni 2022 Malaysia ilipozuia kuku wake wasiuzwe nje, Singapore ilikosa chimbuko la karibu theluthi moja ya kuku wake, na hapana duka la ushirika lingaliweza kuwazalisha. Kodi ya mauzo ilipopandishwa kutoka asilimia 7 hadi 8 mwaka 2023, FairPrice ilibeba yenyewe nyongeza hiyo kwa bidhaa 500 za lazima, lakini kwa miezi sita tu. Mwaka 2024 kodi ilifika asilimia 9.

Nguvu ya kubeba mizigo ya namna hiyo hutoka katika ziada isiyochukuliwa na wenye mitaji. Ndiyo maana yaliyoupata ule ushirika wa bima yanastahili kusomwa na kila katibu. Mwaka 2022 uligeuzwa kuwa kampuni, ukahama na ziada ya dola zipatazo bilioni 2 za Singapore, fedha ambazo kwa kawaida ya sheria zingalibaki kwa manufaa ya harakati ya ushirika. Julai 2024 kampuni ya Allianz ya Ujerumani ilitaka kununua zaidi ya nusu ya hisa. Baadaye ikabainika kwamba mpango huo ulikusudia kuwarudishia wenye hisa dola bilioni 1.85. Wananchi walipinga, wakiuliza ni nani aliyeikusanya fedha hiyo na kwa ajili gani. Masharti ya chama huwa na kifungu kinachoeleza akiba itakwenda wapi chama kikivunjwa au kikigeuzwa. Ni kifungu ambacho wanachama hukipitisha bila mjadala.

Oktoba 2024 Serikali ya Singapore ilikataa mauzo hayo, na Bunge likarekebisha sheria ya bima siku chache baadaye. Desemba mwaka huo Allianz iliondoa ombi lake. Bima yenyewe imebaki kuwa kampuni.