WAYA WA MITA YA PIKIPIKI NA POSHO YA SAFARI



Katika mashamba ya chai ya Fort Portal, nchini Uganda, kama ilivyo katika mashamba mengine mengi ya nchi zetu, wako makarani, manyapara na wajumbe wa chama wanaofanya kazi kwa pikipiki. Baadhi yao hulipwa posho kwa kila kilomita, na kilomita hizo husomwa kwenye mita iliyo mbele ya usukani. Tarakimu zikisimama, mwajiri husema hakuna safari. Tumepata kushughulikia shauri la mjumbe aliyenyimwa posho ya mwezi mzima kwa sababu hiyo, na petroli alikwisha kuinunua kwa fedha zake. Kilichokatika kilikuwa ni waya mmoja tu. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kuutunza waya huo.

Jinsi unavyofanya kazi

Waya wa mita hauvutwi kama waya wa breki. Huu huzunguka. Ndani ya ganda jeusi mna waya wa chuma uliosokotwa, wenye ncha za mraba. Katika pikipiki nyingi ndogo, kama vile Honda CG125, ncha ya chini huzungushwa na giaboksi ndogo iliyo kwenye gurudumu la mbele. Ncha ya juu huzungusha sumaku ndani ya mita, nayo husukuma mshale. Mzunguko huo huo ndio unaosogeza tarakimu za kilomita. Pikipiki zenye mita ya umeme hazina waya huu.

Dalili za ugonjwa

Mshale ukitetemeka au kurukaruka, waya umekauka au umepindika. Mshale ukilala chini kabisa, fungua nati ya waya kwenye mita, inua gurudumu la mbele, ulizungushe kwa mkono. Waya ukizunguka, ubovu uko kwenye mita. Usipozunguka, waya umekatika, au ncha yake imelika, au giaboksi imekufa.

Njia ya waya

Waya nyingi huuawa na njia mbaya. Fuateni haya:

1. Waya upite kando ya uma wa mbele, ndani ya vishikizo vyake vyote. Usiguse spoki, tairi wala bomba la moshi.

2. Kona isibane kuliko ukingo wa sufuria yenye upana wa sentimita 30. Karibu na mita, sentimita 5 za mwisho ziwe zimenyooka.

3. Geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, halafu kandamiza pikipiki mbele ili uma ushuke. Waya usivutike wala kubanwa mahali popote.

4. Usiufunge kwa kamba ya kukaza. Ganda likibonyea, waya wa ndani husagika.

5. Baada ya kuziba pancha ya mbele, hakikisha giaboksi imerudi mahali pake kabla ya kukaza ekseli. Ikikaa upande, huupinda waya.

Kutia grisi

Chomoa waya wa ndani. Aina nyingine hutoka upande mmoja tu, na nyingine hazitoki kabisa, usilazimishe. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke. Uviringishe juu ya meza iliyo sawa: ukirukaruka, umepindika, nao haunyooshwi, nunua mwingine.

Kisha paka grisi nyepesi, kidogo sana. Sentimita 20 za upande wa mita ziachwe bila grisi. Waya unapozunguka huipandisha grisi kama skrubu, nayo ikiingia ndani ya mita huiharibu. Hapo utakuwa umeponya waya na kuua mita, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.

Wakati wa kurudisha, zungusha gurudumu polepole mpaka ncha ya mraba iingie mahali pake. Nati ya mita ikazwe kwa vidole, si kwa koleo.

Waya ukikatika

Siku hiyo hiyo andika katika daftari la safari tarehe, tarakimu zilizosimama na mahali ulipokuwa. Mjulishe msimamizi kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Tangu hapo andika kila safari: ulikotoka, ulikokwenda, saa ya kuondoka na ya kufika. Umbali wa kutoka kambi hadi kiwanda haubadiliki kwa sababu waya umekatika, na unaweza kupimwa tena kwa pikipiki nyingine.

Makatibu wa matawi, mnapokaa mezani na mwajiri kuzungumzia posho ya safari, iandikeni katika mkataba: ni nani atakayenunua waya, utaletwa kwa muda gani, na kilomita zitahesabiwaje wakati mita imekufa. Jambo lisiloandikwa ndilo linalotugharimu mwisho wa mwezi.