Anwani Moja kwa Chuo Kizima

Mwanafunzi anayeanza chuo kikuu hutia saini karatasi nyingi wiki ya kwanza, mojawapo ikiwa mwongozo wa matumizi ya kompyuta na mtandao wa chuo. Wachache huusoma. Siwalaumu sana, kwani miongozo mingi ni katazo juu ya katazo, bila neno moja la kueleza kwa nini.

Sababu kubwa ni kwamba nje ya geti chuo kizima huonekana kama mtu mmoja. Simu yako bwenini, kompyuta za maktaba na ile ya mkuu wa kitivo hutokea kwenye intaneti kwa anwani zilizoandikishwa kwa jina la chuo. Wachapishaji wa majarida ya kitaaluma huzitumia anwani hizo kumtambua mteja aliyelipia. Ndiyo maana ukiwa chuoni makala inafunguka bila nenosiri, na ukirudi nyumbani makala ile ile unadaiwa dola 30 au zaidi.

Kisa cha chuo cha MIT, huko Marekani, kinalionyesha hili vizuri. Septemba 2010 Aaron Swartz, kijana hodari wa programu aliyekuwa na nafasi ya utafiti Harvard, aliingia kwenye mtandao wa MIT kama mgeni, akaanza kupakua makala za hifadhi ya JSTOR kwa programu maalumu. Msomaji hufungua makala, akaisoma, akatafuta nyingine. Programu huvuta tu usiku na mchana. JSTOR ikaizuia anwani yake. Akabadilisha. Ikazuia kundi zima la anwani, naye akarudi tena. Oktoba JSTOR ikaikatia MIT nzima huduma kwa siku kadhaa, na watafiti wasiojua lolote wakakuta mlango umefungwa. Kompyuta yake ilikuja kugunduliwa kwenye chumba cha nyaya, imefunikwa boksi. Alikamatwa Januari 2011, akajiua Januari 2013 kabla kesi yake haijasikilizwa. Kwa maoni yangu serikali ilimkomalia kupita kiasi, hasa kwa kuwa JSTOR ilikwisha kumalizana naye. Na hoja yake kwamba maarifa yasifungiwe ina nguvu mpaka leo. Lakini waliokosa makala siku zile walikuwa wasomaji. Mchapishaji hakupungukiwa na kitu.

Kwetu hasara ya namna hiyo ni nzito zaidi. Vyuo vingi vya Afrika husoma majarida ya tiba kupitia Hinari, mpango ulioanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, ambapo taasisi huyapata bure au kwa bei ndogo. Nenosiri la maktaba likirushwa kwenye kundi la WhatsApp, likatumiwa na watu wa miji kumi, taasisi inaweza kufungiwa, na anayeumia ni daktari anayesomea ubingwa.

Barua pepe nazo ni hivyo hivyo. Mtu mmoja anadanganywa kwamba sanduku lake limejaa, anaandika nenosiri lake, na akaunti yake inaanza kumwaga barua taka. Seva za nje zikishalitilia shaka jina la chuo, hata barua ya msajili kwa mfadhili huishia kwenye folda ya taka. Kitengo cha TEHAMA hakikuulizi nenosiri, hata kwa simu.

Kuingia akaunti ya mwenzako bila ruhusa ni jinai: Tanzania kwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, Kenya kwa ile ya 2018.

Je, chuo kinakuona? Tovuti nyingi sasa husimba mawasiliano, hivyo mhudumu wa mtandao kwa kawaida huona jina la tovuti, saa na wingi wa data, si ulichoandika. Kompyuta ya maabara ni habari nyingine: ni mali ya chuo, na chuo kinaweza kuweka humo programu ya kufuatilia. Mwongozo wa maana hutaja kumbukumbu za matumizi yako zinatunzwa muda gani na nani anaruhusiwa kuzifungua. Mwongozo wenu usipotaja, uliza kwa maandishi. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022.

Na ukihitaji makala elfu moja kwa uchambuzi wa kompyuta, mwone mkutubi kabla ya kuwasha programu yoyote. Baadhi ya wachapishaji wana njia maalumu ya kupakua kwa wingi, yenye ufunguo wake na kasi yake, na yeye ndiye anayejua maombi yanapelekwa kwa nani.