Mgomba Kitengela: baridi huuchelewesha, ukame huuua

Wapwani wengi waliohamia Kitengela kwa kazi au kwa ploti hupanda mgomba kabla hata nyumba haijaisha. Miezi hupita mgomba umesimama pale pale, na ikifika Julai majani yanageuka manjano. Lawama zote hutupiwa baridi. Kweli baridi ina sehemu yake, lakini mwuaji hasa ni mwingine.

Kipupwe kinafanya nini?

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgomba hustawi kwenye joto la nyuzi 27 hivi, kama la Kilifi au Kwale. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hukua kwa shida, na usiku wa Juni hadi Agosti huku hukaribia nyuzi 10. Majani mapya hutoka polepole, na mkungu ambao Pwani ungekomaa kwa miezi mitatu hivi unaweza kuchukua mitano. Huo si ugonjwa.

Huko Uingereza, wapenda bustani hukata majani ya mgomba wa aina ya Musa basjoo na kulifunga shina kwa nyasi kavu mpaka theluji ipite. Hufanya hivyo kwa ajili ya pambo tu, kwani ndizi zake hazifai kuliwa. Kitengela haina theluji, hivyo mgomba hauhitaji kuvishwa. Unahitaji maji.

Piga hesabu ya maji kwanza

Mgomba unataka karibu milimita 25 za maji kila wiki, sawa na milimita 1,300 kwa mwaka. Mvua ya nyanda hizi huwa karibu nusu ya hapo, tena huja kwa misimu miwili, masika na vuli. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo shina lenye beseni la mita mbili za mraba linahitaji lita 50 kwa wiki wakati wa kiangazi, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Migomba kumi ni lita 500. Anayenunua maji ya lori na ajiulize kama mkungu utalipa gharama hiyo.

Maji ya visima vingi huku yana chumvi, na mgomba hauipendi. Ukiona kingo za majani zikiungua, shuku maji kabla ya kulaumu baridi. Kinga maji ya mvua kutoka paani, na tumia maji ya kusuuzia vyombo na nguo.

Namna ya kupanda

Chimba shimo la sentimita 90 kwa 90, kina sentimita 60. Tenga udongo wa juu, uchanganye na madebe mawili ya samadi iliyooza, kisha urudishe. Acha beseni la kukusanya maji. Udongo mweusi wa Kitengela hupasuka kiangazi na kutuamisha maji wakati wa mvua, kwa hiyo weka mfereji wa kuyatoa yakikaa zaidi ya siku moja. Funika beseni kwa nyasi kavu, lakini zisiguse shina.

Panda mwanzo wa vuli, ikiwa una maji ya kuvuka Januari na Februari. Hapo mgomba utakutana na kipupwe ukiwa na nguvu. Weka ukuta au ua upande wa upepo, maana majani yaliyochanika hupoteza kazi yake, na mbuzi nao wakae mbali. Ikija baridi, punguza maji na uache mbolea hadi joto lirudi.

Kwa aina, Bokoboko wetu huvumilia ukame kuliko ndizi nyingi za kuiva, ingawa hushambuliwa na ugonjwa wa mnyauko; chukua mche kwenye shamba lisilo na ugonjwa. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu tu. Machipukizi mengine yang'oe, kwani yote hunywa mtungi huo huo.

Mashina mawili yaliyoshiba maji yatakulisha. Kumi yenye kiu yatakupa majani ya kufungia samaki tu, nayo yamechanika.