Fahamu: Wauguzi wa ICU na eutanasia

Eutanasia ni kukatisha maisha ya mgonjwa kwa makusudi ili kumwondolea mateso. Si sawa na kusitisha mashine ya kupumulia isiyomsaidia tena.

Kwa nini wauguzi?

Katika ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, daktari hupita na kuondoka. Muuguzi ndiye anayebaki kando ya kitanda, akimgeuza mgonjwa, kumvuta makohozi kwa mpira na kuwajibu ndugu, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hawezi kusema.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 uliwahusisha wauguzi 852 wa ICU: asilimia 17 walikuwa wameombwa na wagonjwa au jamaa kutekeleza eutanasia au kusaidia mgonjwa kujiua. Ni mzigo mzito.

Sheria inasemaje?

Nchini Ubelgiji, sheria ya eutanasia ya 2002 inamtaka daktari ajadili ombi la mgonjwa na wauguzi wanaomhudumia. Kwa sheria hiyo, hakuna muuguzi anayeweza kulazimishwa kushiriki.