Ndege ya Likizo Kwenda Kabuchai: Kwako ni Nyumbani, kwa Mtoto ni Ugenini

Desemba inapokaribia, familia nyingi za Nairobi na Mombasa huanza kupanga safari ya kwenda mashambani kwa Krismasi. Kwa watu wa Kabuchai, katika Kaunti ya Bungoma, kuna msimu mwingine wa safari: Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu wanapotahiri vijana wao. Siku hizi wengi huepuka msongamano wa mabasi kwa kupanda ndege hadi Eldoret au Kitale, kisha wakamalizia safari kwa gari.

Kutoka Nairobi, abiria hukaa angani kwa takriban saa moja tu. Huenda wepesi huo ndio unaotufanya tusahau kujiandaa. Mtu anayekwenda nchi ya mbali hupitia kwa daktari kwanza. Anayekwenda kwao hununua tikiti, akamfungia nyanya sukari na majani chai, akaondoka.

Lakini, mpenzi msomaji, katika familia yako kuna abiria ambaye haendi kwao. Huyo ni mtoto aliyezaliwa na kulelewa mjini. Mbele ya mbu wa Kabuchai, mtoto huyo ni mgeni sawa na mtalii kutoka Ulaya.

Kwa nini mtoto wa mjini yumo hatarini

Bungoma ni miongoni mwa kaunti zilizo karibu na Ziwa Victoria ambako malaria huwapo mwaka mzima. Mtoto anayekulia huko huumwa na mbu mara kwa mara, na akinusurika utotoni mwili wake hujenga kinga kidogo kidogo. Kinga hiyo haizuii malaria kabisa, lakini hupunguza makali yake. Mtoto wa Nairobi, ambako baridi huwafanya mbu wa malaria kuwa wachache, hana kinga hiyo hata kidogo.

Isitoshe, chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini Septemba 2019 ilielekezwa kwa watoto wadogo wa kaunti za Magharibi na Nyanza, Bungoma ikiwamo. Binamu yake wa Chwele huenda ameipata. Wako wa Nairobi yaelekea hakuipata. Chanjo hiyo pia hutolewa kwa dozi kadhaa katika muda wa miezi mingi, kwa hivyo haiwezi kutafutwa wiki moja kabla ya safari.

Wazazi nao wasijidanganye. Kusema "nilikulia Chwele, mbu wa kwetu wananijua" hakutoshi. Kinga ya malaria hupungua mtu anapokaa mbali kwa muda mrefu. Mama mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, yumo katika hatari kubwa zaidi, kwani malaria humpunguzia damu na huweza kumfanya ajifungue mtoto mwenye uzani mdogo au kuharibu mimba.

Kabla ya kulipia tikiti

Chukua kalenda uhesabu kutoka siku ya safari kurudi nyuma. Majuma matatu au manne kabla, mwone daktari. Mweleze unakwenda wapi, kwa siku ngapi na nani mnaandamana naye. Yeye ndiye atakayeamua kama mnahitaji dawa za kuzuia malaria, na za aina gani. Zipo zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na zipo zinazoanzwa majuma mawili au zaidi kabla. Zote huendelea kumezwa baada ya kurudi, nyingine kwa siku 7, nyingine kwa majuma manne. Doxycycline haifai kwa wajawazito wala watoto wa chini ya miaka 8. Basi usigawe tembe za mtu mmoja kwa familia nzima.

Chagua ndege ya asubuhi. Faida yake si nauli pekee. Kutoka Eldoret bado mna mwendo mrefu wa barabara kupitia Turbo na Webuye. Mkitua jioni, mtafika usiku, wakati mbu wa malaria wako kazini, na watoto watalala popote palipopatikana. Kabla ya kukata tikiti ya Kitale, uliza kama siku hiyo kuna ndege inayotua huko.

Mama mjamzito aeleze umri wa mimba anaponunua tikiti. Kampuni nyingi hudai barua ya daktari kuanzia juma la 28, na hazimpakii aliyepita juma la 36. Mwenye mimba ya pacha huzuiwa mapema zaidi.

Ndani ya ndege

Hewa ndani ya ndege kubwa hudhibitiwa iwe kama ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya bahari. Kitale yenyewe iko karibu mita 1,900, na Eldoret karibu mita 2,100. Kwa mtu mzima wa afya, hilo si tatizo. Mgonjwa wa moyo au mapafu anayehema kwa kutembea mita 50 tu amwone daktari kabla ya kusafiri.

Hali kadhalika mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Magharibi zinaujua vyema. Upungufu wa oksijeni, kiu na baridi vyaweza kumletea maumivu makali. Anywe maji ya kutosha, avae sweta, na asisafiri akiwa ametoka tu kuugua. Dawa anazopewa za kila siku, ikiwamo ya kuzuia malaria, zisikatizwe hata siku moja.

Ndege inapoteremka, mpe mtoto mchanga titi au chupa ili masikio yasimuume. Wakubwa watafune kitu. Dawa za kisukari, shinikizo la damu na pumu zikae katika mkoba wa mkononi, kamwe si katika mzigo unaopelekwa chini ya ndege.

Mkishafika

Beba chandarua chenu kilichotiwa dawa. Nyanya anavyo vyandarua, lakini ni vya watu wa nyumba yake. Wageni hutandikiwa magodoro sebuleni, watoto sita kwa pamoja, bila chandarua hata kimoja. Hapo ndipo wengi huambukizwa. Kopo la kunyunyizia mbu laweza kuzuiwa uwanjani, basi linunue Kitale au Chwele. Jua likitua, watoto wanaoota moto nje wavae mikono mirefu na soksi, na wapakwe dawa ya kufukuza mbu.

Kwa wenye vijana wa kutahiriwa, ulizeni daktari kuhusu sindano ya pepopunda mapema.

Homa ya Januari

Hili ndilo jambo ambalo tungependa ulikumbuke kuliko yote. Vimelea vya malaria hukaa mwilini kwa siku 7 au zaidi kabla ya homa kuanza. Kwa hivyo mtoto aliyeumwa na mbu Krismasi huenda akacheza vizuri, akapanda ndege vizuri, kisha akaugua Januari akiwa darasani Nairobi. Mzazi hudhani ni mafua. Daktari wa mjini naye, asipoambiwa kuhusu safari, huenda asiwaze malaria.

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi ipimwe damu siku hiyo hiyo. Usimnunulie mtoto panado ukangoja. Sema kwa sauti: "Tulikuwa Bungoma." Akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akikataa kunyonya au akilegea asiamke vizuri, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane. Malaria kali yaweza kumuua mtoto kwa muda wa siku moja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii tuhakikishe mgeni naye anabaki mzima.